Mashua Iliyoanikwa

Wiki jana shule ilitupeleka makumbusho, nikaikuta mashua yetu imezungushiwa kamba, na kibao: "Usiguse." Rafiki, mimi niliyetoka malengelenge nikiipiga randa! Nilibaki nyuma ya wenzangu wasinione nikilia.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Likizo moja fundi, tuliyemwita mwalimu, alitoka kule ziwani akatufundisha kuunda mashua kwenye ua wa makumbusho haya haya, asubuhi hadithi za mito, mchana kazi. Tulikula viazi vitamu kwa mikono inayonuka mafuta ya kuzibia nyufa. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa anatuleteanga uji na kutuchokoza: "Bado tu? Mtanivusha nikiwa maiti?" Kabla ya daraja kujengwa, alikuwa akivuka mto Nzoia kwa mashua kwenda kwao. Alitaka kukaa ndani ya mashua mara moja tena. Kitambaa cha kanisani alishakipiga pasi.

Alhamisi tuliishusha bwawani nyuma ya makumbusho. Ikajaa maji, ikazama, ikabaki pua tu. Tukapiga mayowe. Mwalimu akacheka.

"Iacheni. Mbao ina kiu. Ikishiba itavimba, ijifunge yenyewe. Jumatatu tunamwaga maji, nyanya anapanda."

Kisha akaenda kwao. Kukhu hakuwepo akisema hayo. Jumamosi, akitoka kufagia kanisa na akina mama wenzake, akaona jasho letu limezama. Wakaivuta nje, wakaianika, wakaigeuza-geuza kama mahindi yaliyonyeshewa.

Jumatatu alitungoja pale, kitambaa kichwani. Mbao zilikuwa zimepasuka, mkono unapita.

"Nani ameianika?" mwalimu akauliza.

"Ni mimi," Kukhu akajibu, amejaa furaha. "Ilikuwa inakufa, mwalimu. Ningeiacha?"

Mwalimu akapitisha mkono kwenye ufa. Kukhu akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa. Polepole akavua kitambaa, akakikunja.

Mbao nyingine hazikupatikana, shule zikafunguliwa, mwalimu hakurudi tena. Mwaka jana tulimzika Kukhu. Siku hizi ule ua umemwagwa simiti, magari yanaegeshwa, na harufu ya randa hakuna.

Wiki jana hiyo, mtu wa kutembeza wageni akatuambia, "Hii ndiyo ilivusha wazee wetu Nzoia." Wenzangu wakaandika. Mimi najua haijavusha hata kuku. Kalamu ikasita. Halafu nikaandika kama wao: ilivusha wazee wetu. Nikaongeza pembeni, kwa herufi ndogo: na Kukhu.