Huku Nyuma Haifiki

Mtaa mzima ulimwita Fundi Friji, maana alitengeneza viyoyozi vya magari, na hakuna gari lililoingia gereji kwake na joto likatoka nalo. Kipimo chake cha kazi kilikuwa kimoja tu. Mteja anayelalamika bado ana joto. Mteja aliyenyamaza amepoa. Kwa hiyo mtu akinyamaza kwenye safari ya majaribio, fundi hupiga mluzi na kugeuza kurudi.

Mluzi huo ulikoma miaka mitatu iliyopita. Kisha asubuhi moja mwalimu wa shule ya jirani akaingia uani na gari kuukuu la kupandia milima, la mraba kama kabati. Fundi alilijua kwa mngurumo kabla hajainua kichwa. Lilikuwa gari lake, alilompa mtu wa kwanza aliyeuliza, wiki ile ile aliyomzika mkewe.

Mwalimu, aliyelinunua baadaye kwa mtu mwingine, hakujua hayo. Alieleza kwamba mama yake husafishwa figo hospitalini mara tatu kwa wiki, njiani hulazwa kiti cha nyuma ili anyooshe miguu, na baridi yote inaishia mbele. Anataka kiyoyozi cha nyuma. Fundi alitaka kumwambia aende kwingine, ila akamtazama yule mama kupitia dirisha la gari, jasho linamtiririka, akakubali kazi.

Kiyoyozi chenyewe alikuwa nacho. Kilikaa rafuni ndani ya boksi lake, miaka na miaka, kwa sababu magari ya watu yalitangulia na la kwao lilikuwa la wiki ijayo. Mkewe, aliyependa utani, alikuwa ameandika juu ya boksi kwa kalamu nene: "Cha kwetu. Usiuze, we mzee."

Siku aliyougua alilala kiti hicho hicho cha nyuma, homa imempanda, foleni haisogei. Akasema, "Huku nyuma haifiki." Fundi, kwenye usukani, akamjibu jibu analompa kila mteja: "Subiri kidogo, itafika." Mkewe akanyamaza. Na yeye, fundi mzima, akafurahi. Akapiga mluzi mpaka mlango wa hospitali. Daktari alimwambia ugonjwa ulishamzidi, joto halikuwa na neno. Lakini daktari hakuusikia ule mluzi.

Basi alifungua boksi. Akafunga kile kiyoyozi kwenye dari la gari, akaunganisha mabomba ya kupeleka gesi nyuma kutoka yale ya mbele, akapaka povu la sabuni kila kiungo kuona kama gesi inavuja. Kila alipolala kwenye kiti kile kukaza nati, alisikia sikioni: haifiki. Mara mbili alishuka kunawa uso.

Saa sita mchana, jua la utosi, walitoka kujaribu. Fundi kwenye usukani, mwalimu kando yake, mama nyuma. Kona ya pili, mama akasema taratibu:

"Huku nyuma haifiki, mwanangu."

"Subiri kidogo" ilikuwa tayari mdomoni mwa fundi, akaimeza. Akapapasa dashibodi, akagundua kwamba yeye mwenyewe, kwa kiwewe, hajawasha swichi ya nyuma. Akaiwasha. Feni ya darini ikavuma.

Kisha mama akanyamaza.

Wakapita duka la kwanza, la pili. Kimya. Mwalimu alikuwa anasifia kazi, fundi hasikii neno. Alifunga breki katikati ya barabara, honi zikalipuka nyuma yao, akageuka mwili mzima, jambo ambalo siku ile ya mkewe hakulifanya.

"Mama, usininyamazie. Nijibu."

Mama alifumbua jicho moja, kama mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Nimepoa, mwanangu. Si ndiyo maana nimenyamaza?"

Fundi aliweka paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti. Miaka mitatu alikuwa akiyangoja maneno hayo kutoka kiti kile kile.