Kaburi Alilolirundika Gambo

Kabla ya mizinga, pale palikuwa na kijiji, na watu wakilima tangawizi yao. Serikali ilipotaka mahali pa kufundishia wapiga mizinga, wanakijiji walihamishiwa ng'ambo ya mto wakaachiwa ahadi: kila baada ya mavuno watarudi kupalilia makaburi, kwa maana kwao mtu huzikwa uani, karibu na ghala lake la mtama. Ahadi ilidumu miaka michache. Ikaja mizinga mikubwa zaidi, lango likafungwa. Ahadi za wenye bunduki ndizo hizo.

Gambo, mtoto wa kijiji kile kile, aliingia jeshini akapanda hadi sajini, mwalimu wa shabaha katika shule hiyo. Wakurufunzi walihitaji alama ya mbali ya kupimia, naye alama aliyoijua hata akifumbwa macho ilikuwa moja tu: mti wa dorawa uliosimama uani kwao.

"Lengeni kulia kwake, mbali nao!" aliwaambia kila mwaka.

Lakini mwanafunzi ni mwanafunzi. Mti ulianguka zamani, Gambo akaendelea kufundisha. Watoto walitaka kula.

Mwaka huu shule ilisherehekea kuanzishwa kwake, na mkuu mpya, mtu muungwana, akawafungulia wanakijiji lango kwa siku moja. Mama Kande, mamake Gambo, alikosa usingizi kwa furaha.

"Gambo! Nakuita, husikii? Hiyo mizinga imeshakula masikio yako. Nakwenda kumwona babako!"

"Mama, jua kali, na miguu yako hiyo..."

"Miguu yangu imekulalamikia wewe?"

Gambo alitangulia peke yake kwenda kutazama. Hakukuta ua wala ghala wala kaburi la babake, mashimo tu. Alilia, jitu zima lenye mvi. Kisha akaokota mawe, akayarundika palipobaki tambarare, akafudikiza chungu juu yake kama ilivyo desturi ya makaburi ya kwao. Ni uongo, ndiyo. Wewe ungefanyaje?

Siku ilipofika, Mama Kande alisimama akikaza macho yake yenye ukungu.

"Dorawa letu liko wapi?"

"Upepo, Mama."

Wenzao walikuwa wakizunguka mashimo, wakibishana ua wa nani ulikuwa wapi, huku wakimwonea Mama Kande kijicho kwa kuwa yeye kaburi lake lilionekana. Yeye alipiga magoti, akamwaga uji wa mtama, akang'oa nyasi.

"Baba Gambo, usininunie. Sikukutupa. Huyu hapa mwanao, amekulinda miaka yote hii."

Gambo alitazama viatu vyake. 

Mama akapapasa ardhi kando ya mawe.

"Hapa pana nafasi. Nikifa nilete hapa, ubavuni mwake. Nimechoka kulala peke yangu. Niapie."

"Mama, twende nyumbani kwanza..."

"Niapie mbele ya babako!"

Watu wakamgeukia. Gambo akanyoosha mkono juu ya yale mawe, akaapa.