Swali Aliloniuliza Kocha

Nilikuja Dubai kulinda lango la chuo kimoja mtaani Al Qusais, ingawa nyumbani Kenya nilikuwa nimechezea timu ya kikapu ya chuo kikuu. Jioni moja, baada ya zamu, mpira ulitoka nje ya uwanja nikaurudisha kwa pasi ndefu. Kocha wa timu ya wasichana, mzee wa asili ya Unguja aliyeishi Dubai tangu ujana wake, akaniita. Miezi michache baadaye alikuwa amemshawishi mkuu wa michezo, ambaye sote tulimwita madam, aniajiri kuwa kocha msaidizi.

Kwa miaka minne alinifundisha kazi: kuwasoma wapinzani, kumtoa mchezaji bila kumvunja moyo, kunyamaza timu inapofungwa. Mwezi wa Ramadhani alinichukua nyumbani kwake Al Baraha nikafuturu nao, mimi Mkristo, na mkewe akanifungia vitumbua vya kurudi navyo.

Mwaka wa tano akaanza kusahau. Katika robo ya mwisho ya mechi moja aliomba mapumziko mafupi ilhali tulikwisha kuyamaliza yote tuliyoruhusiwa. Tukaadhibiwa, wapinzani wakapewa mtupo huru, tukafungwa kwa pointi moja. Wiki hiyo madam aliniita ofisini akaniuliza kama kocha bado anaimudu kazi. Ningeweza kusema kwamba amechoka tu, kwamba nitamsaidia. Nilisema anasahau hata majina ya wachezaji. Halafu, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba mimi niko tayari.

Mkataba wake haukuongezwa. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alinikuta nikipanga mipira.

"Mwanangu, walikuuliza lolote kunihusu?"

"Hapana, Kocha," nikasema. "Hata mimi nimeshtukia tu."

Akanipa mkono, akaniombea heri.

Nikawa kocha mkuu. Tulishinda mechi nyingi, na mama yangu huko Kenya akawa anawaonyesha majirani picha zangu. Al Baraha sikwenda tena. Ramadhani iliyofuata mkewe alinipigia simu, nikamwambia kazi zimenizidi. Ya pili yake hakupiga.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia, nikaenda. Nilimkuta sebuleni, amekonda, nikamwambia yote kabla hata sijaketi.

"Najua," akasema. "Madam aliniambia siku ile ile mliyozungumza. Nilikuuliza kwa kuwa nilitaka kukusikia wewe."

Majina yalikuwa yakimpotea, lakini hilo halikuwa limempotea. Nilitamani anitukane. Badala yake akamwomba mkewe alete chai. Mama yule aliweka kikombe mbele yangu bila kunitazama, akarudi jikoni. Kocha akauliza kama wasichana sasa wanarudi nyuma haraka kulinda. Nikaanza kumweleza, nikaeleza mpaka chai ikapoa, macho yangu yakiwa kwenye zulia.