Herufi Moja ya Marehemu

Siku niliyomwona mara ya kwanza, alinicheka. Mama yangu alikuwa amefariki, nami nikapeleka fomu ya mirathi kwa mpiga chapa wa barazani pa mahakama, mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Pale palipoandikwa "Jina la marehemu" nilikuwa nimeandika langu.

"Kaka, umekufa lini? Mbona hukutuaga?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliponiona nimeinama, akashusha sauti.

"Marehemu ni aliyerehemiwa. Sheria imeliazima neno hili kwenye dua. Ndiyo maana hapewi mtu kabla ya wakati wake."

Mimi ni seremala. Baadaye nikapata kazi ya kutengeneza mabenchi ya baraza ileile. Asubuhi mwanga ulipita kwenye vumbi la mbao, mashine yake ya chapa ikilia kama mvua ya mbali, nami nikapiga randa kama mtu aliye ndotoni. Kutwa aliwaandika marehemu wa watu. Wake mwenyewe alimshinda.

Alikuwa na pacha wa kiume, aliyetoka kwenda kununua balbu asirudi tena. Miaka ikapita. Nyumba ya mama yao ilikuwa ya wote wawili, paa linabomoka, na mahakama haikumruhusu kuigusa hadi pacha atamkwe kuwa amekufa. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka ombi. Alhamisi karatasi ilikuwa bado nyeupe.

"Fundi, niandikie neno moja tu. Vidole vimegoma."

"Dada, mimi niliishia shule ya msingi."

"Marehemu hawaulizi cheti."

Nikabonyeza kwa kidole kimoja, jasho likinitoka. Akasoma. Nilikuwa nimeruka herufi: *mrehemu*.

Nikamwomba radhi. Hakunisikia. Alilisoma tena, polepole. "Mrehemu. Mrehemu ndugu yangu." Miaka yote ile hakuwahi kumwombea, akiogopa dua ndiyo itakayomuua. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akachomeka nyingine, akaandika neno zima bila kusita.

Mahakama ilikubali. Siku ya kuhamia nyumba ile alipita kuniaga, mashine ameikumbatia kama mtoto.

"Fundi, mtu akikuuliza ile herufi imekwenda wapi, mwambie imemfuata pacha wangu."