Barua Aliyosomewa Mama

Kila harufu ya buni zilizoanikwa inaponifikia hapa Makere, namwona babu akisoma barua ya baba, aliyekuwa askari katika vita vya Uganda. Mama hakujua kusoma. Alisimama mbele ya mkwewe, kikapu cha kahawa kiunoni.

"Anasemaje, baba?"

"Ni mzima. Anasema uvune kahawa, umsubiri."

Nilikuwa darasa la tatu, nimesimama nyuma ya babu, nikifuata maneno kwa macho. Niliona hospitali. Niliona jina la mama, halafu: njoo upesi unione.

Babu akageuka.

"Wewe, nenda kachote maji."

Nikaenda. Baba alifia huko hospitalini. Mpaka leo mama humsifu marehemu mkwewe kwamba alimsomea barua zote.