Sahani Yangu Ilionjwa Miezi Miwili

Mnaonijua mnajua: mimi huchungulia sufuria kabla sijavua viatu. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na kwetu mwanaume mwenye kazi alijulikana kwa nyama iliyo mezani pake. Hapa Saint-Gilles, huku Ulaya, nilikula nyama kila siku. Nilikuwa na afya, nikisafisha ofisi karibu na Porte de Namur, kazi ya kusimama kutwa.

Bei zilipopanda, mke wangu Zaituni akabadilisha mapishi. Nusu kilo ya nyama ikawa ya wiki nzima, sisi na watoto wanne. Siku nyingine maharage, dengu, mchicha wa lengalenga, kabichi. Watoto walikula wakaomba tena. Mimi nilijiuliza: nyama yangu inaenda wapi? Nilifungua friza Zaituni akiwa bafuni. Nikakagua pipa la taka nitafute mifupa. Sikuona hata mmoja, na hilo likanitia shaka zaidi.

Basi nikajitafutia dawa. Kila mapumziko ya mchana nilikula brosheti, mishikaki ya maini na figo za mbuzi, karibu na kazini, kisha nikatafuna peremende nisinuke moshi.

Alfajiri moja natia udhu, maji yakagusa dole gumba la mguu wa kulia. Nikapiga yowe. Dole lilikuwa limevimba, linang'aa, la moto. Hata soksi sikuweza kuvaa. Baada ya wiki likatulia, kisha maumivu yakarudi na kushika kifundo pia.

Sikwenda kwa daktari. Nilimpigia simu mdogo wangu Buyenzi.

"Mukubwa," akasema, "mguu hauvimbe bure. Kuna kitu umekanyaga, ao kuna kitu unalishwa. Nani anakupikia?"

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Nilipotoka, nikaona chumvi mlangoni pa jengo. Humwagwa kila mwaka barafu inapoganda, naijua tangu nihamie hapa, lakini siku hiyo niliiruka.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Kwa mgeni hiyo ni heshima. Kumwamuru mke wako aonje ni kumwita mchawi mbele ya watoto. Nami nilimwamuru.

"Onja kwanza," nikasema, nikisukuma sahani ya maharage.

Zaituni alinitazama. "Baba Asha, donc leo mimi niko mulozi?"

"Onja tu."

Akaonja kijiko kimoja, akameza, akaenda kula jikoni peke yake. Ikawa hivyo kila jioni, miezi miwili. Asha, binti yetu mkubwa, akauliza: "Maman, juu ya nini haukule na sisi?" Mama yake akamrudisha mezani. Mimi Zaituni aliniambia neno moja: "Nitaonja mpaka upone. Siku utapona, tutaongea." Niliyaogopa mazungumzo hayo kuliko mguu, maana nilijua ndoa yangu imo humo.

Siku niliposhindwa kushuka ngazi, yeye ndiye aliyenishika mkono hadi kwa daktari. Nilitolewa damu. Majibu yalipofika, daktari akaniuliza ninakula nini.

"Maharage," nikasema, nikimwangalia Zaituni kwa pembe ya jicho. "Maharage tu."

Daktari akatikisa kichwa. "Una goutte. Maharage ya mkeo hayakufikishi hapa. Maini, figo, nyama nyingi: unakula wapi?"

Jongo, kwa Kiswahili. Mwili umeshindwa kutoa uchafu wa nyama yote hiyo, ukaganda kwenye viungo.

"Kazini," nikasema. Nilitamani sakafu inimeze.

Tulipopanda tramu, Zaituni akasema: "Alors, miezi mbili ninaonja sahani yako, kumbe sumu unaenda kuinunua weye mwenyewe." Akageukia dirisha. Aibu ile iliniuma kuliko dole.

Karatasi ya dawa niliisoma mara tatu, nikashuku na vidonge vyenyewe, lakini nilivimeza. Baada ya siku chache nilivaa soksi. Mwezi uliofuata nilirudi kazini. Alhamdulillahi.

Ndugu yangu, kiungo kikivimba usianze na mchawi, anza na daktari, na umwambie ukweli wa kinachoingia mdomoni mwako. Kunywa maji. Loweka maharage tangu jana yake, mwaga maji hayo, chemsha mpaka yalainike kabisa, kisha kaanga kitunguu na nyanya uyatie. Nyama ije mara moja kwa wiki, hutakufa. Mimi bado ni mtu wa kushuku. Hiyo hawajanipatia kidonge.

Nilipopona nilingoja mazungumzo yale; Zaituni hakuyaanza wala hakuondoka, ila aliendelea kula jikoni. Basi kila Jumapili nikawa napika mimi. Nilimpelekea sahani yake kule kule, nikaionja kwanza mbele yake, nikameza, nikamwachia. Ikawa hivyo, wiki baada ya wiki.

Jumapili iliyopita alikuja mezani, akaketi pamoja nasi. Nilinyoosha mkono nichukue kijiko nionje. Kijiko kilikuwa mkononi mwake tayari.

"Bismillahi," akasema, akala.