Gesi Ipi?

Fundi wa injini alifunua kitambaa, akauona mstari wa manjano uking'aa kwenye kila kiungo cha mabomba ya kutolea moshi wa injini, na tabasamu aliloingia nalo likaondoka.

"Mama Cheche, hiki nini?"

"Manifoldi yako," alijibu mwenye karakana, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Itazame vizuri. Hata sonara angeona wivu."

"Umeunganisha kwa shaba?"

"Si ulisema kwa gesi?"

"Gesi ya argoni, dada'angu! Argoni! Nilidhani utaipeleka kwa yule mwenye mashine ya kuchomea kwa argoni. Sikusema uchukue mitungi yako ya kuzibia sufuria."

Mdogo wake Mama Cheche, dereva, alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Yeye ndiye aliyeleta ule ujumbe asubuhi: "Fundi amesema ichomewe kwa gesi, umeme usiiguse." Sasa alizitazama funguo zake kana kwamba zimesema uongo.

Mama Cheche hakuwa na mtoto aitwaye Cheche. Hakuwa na mtoto yeyote. Jina alipewa na majirani, kwa sababu ya cheche zilizokuwa zikiruka nje ya mlango wake mchana kutwa, mwaka wa ishirini na mbili huo. Umeme ndio uliomlisha: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Lakini gesi ndiyo iliyokuwa fahari yake. Marehemu baba yake alimfundisha kuuwasha moto wa mitungi miwili, kuupunguza mpaka unakuwa na ncha ndogo ya bluu, na kuitiririsha shaba kwenye fremu ya baiskeli kama mtu anayemimina uji bila kumwaga tone. Kwa hiyo aliposikia neno gesi, moyo ulimruka. Swali lilimjia palepale, gesi ipi? Akaona aibu kuuliza. Fundi mzima, aulize gesi?

"Tatizo la shaba ni nini hasa?" aliuliza dereva.

"Kwenye baiskeli, hakuna," fundi wa injini alisema. "Lakini huku ndiko moto unakotokea kwenye silinda. Ukipanda mlima na mzigo, bomba hili linakuwa jekundu kama kaa. Shaba italegea kama mshumaa. Kiungo kitafunguka, moshi utatoka, na sakafu ya gari lako unaijua ilivyooza."

Nyuma ya pazia, kwenye chumba kilichopakana na karakana, mama yao alikohoa.

Jumanne ya wiki hiyo, gari hilohilo lilikuwa limempeleka kusafishwa figo. Mara tatu kwa wiki, mwendo wa saa nzima, amelala kwenye godoro kwa sababu mgongo wake haukubali kiti tena. Ndiyo maana dereva aling'oa viti vya nyuma. Siku hiyo walipofika alikuwa amelegea, anatapika, anamwita dereva kwa jina la mume wake. Wauguzi walimwekea hewa safi puani, wakauliza, huyu amevuta moshi wa nini? Fundi wa injini alipofungua boneti alikuta manifoldi ya zamani ina ufa mrefu kama kidole. Nyingine ya gari la umri ule haikupatikana dukani wala kwenye vyuma chakavu. Ikabidi itengenezwe.

Kesho saa mbili asubuhi mama alitakiwa awe kitandani hospitalini. Walishakosa siku moja mwezi uliopita. Maji yalimjaa kifuani, wakakesha wakimwinua. Pikapu ya jirani ilikuwa safarini. Teksi tatu zilikataa kubeba mgonjwa wa godoro.

"Basi twende kwa huyo wa argoni," alisema Mama Cheche.

Fundi wa injini alimpigia simu, akasikiliza, akakata. "Mtungi umeisha, amepeleka kujaza. Jumatatu."

"Mnagombania nini huko?" Sauti ya mama ilipenya pazia. "Kama ni urithi, subirini kidogo."

"Hatugombani, mama. Tunashauriana."

"Ushauri gani unaopigiwa kelele?"

Fundi wa injini alishusha sauti. "Chukua umeme. Rodi nyembamba ya kuchomea, polepole. Utamaliza kabla jua halijazama."

"Bomba ni la milimita mbili. Nikizubaa nimelitoboa. Na ule uchafu wa rodi ukibaki kwenye kona, nitajuaje kama chini yake pana tundu?"

"Gesi basi, ila uweke waya wa chuma badala ya shaba."

"Hilo bamba la kufungia kwenye injini ni nene kama kidole. Mpaka lishike moto wa kuyeyuka, mtungi umekwisha, na bamba limejikunja. Likijikunja halikai sawa na injini, moshi unapita palepale."

"Kwa hiyo hutaki hiki wala kile."

"Sijasema sitaki. Ninafikiri. Ruhusa?"

Akajikokota hadi kwenye mtungi wa oksijeni, akautazama mshale wa geji. Ulikuwa umelala karibu na wekundu. Ile shaba nzuri ya asubuhi ndiyo iliyounywa. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma geji. Alichokuwa anakitafuta si hesabu. Alitaka kujua kama asubuhi alichagua moto kwa ajili ya mama au kwa ajili ya jina lake mwenyewe, na jibu alilipata upesi, likamchoma.

"Mdogo wangu," alisema bila kugeuka, "rudi kwenye vyuma chakavu. Kona nne za bomba kama zile za kwanza. Kimbia."

"Hizi si zipo?"

"Zimeshakunywa shaba. Nikiyeyusha chuma juu yake kitapasuka. Na moshi wake una sumu. Nataka bomba jipya, lisilojua shaba ni nini."

Bamba aliliokoa: alikata mabomba, akalisaga kwa grainda mpaka manjano yote yakaondoka, akasaga tena pale ambapo macho yake hayakuona kitu lakini roho ilikataa. Kisha akalifunga kwa bolti juu ya kichwa cha injini kibovu alichokiazima fundi wa injini kwenye gereji yao, ili chuma kikitaka kujikunja kikose nafasi.

"Bomba kwa bomba, gesi na waya wa chuma," alisema. "Bomba kwa bamba, umeme. Kila kimoja mahali pake. Mtungi ukitosha."

"Na usipotosha?"

"Utaupuliza wewe kwa mdomo."

Fundi wa injini akacheka kwa pua, akashika koleo.

Dereva aliporudi na kona nne, kazi ikaanza. Ncha ya bluu ilisimama, chuma kikapauka, kikawa rangi ya chungwa, kikafungua kidimbwi kidogo kinachotetemeka. Alichovya waya, akasogea, akachovya, akasogea. Kiungo cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha nne mshale wa geji uligusa wekundu na moto ukaanza kupiga chafya.

"Mama Cheche..."

"Nyamaza."

Alifunga kidimbwi cha mwisho kwa moto uliokuwa unakufa, akavua miwani. Macho yake yalikuwa yanachuruzika. Akavaa kofia ya kuchomea umeme kabla hawajayaona.

Upande wa bamba aliuelekeza moto kwenye unene, akaliacha bomba lilambwe pembeni tu. Tone hapa, tone ng'ambo, apumzike, ili joto lisirundikane. Kila tone aligonga uchafu kwa nyundo, akapiga brashi, akainama kukagua.

Wakaziba midomo ya mabomba kwa mpira na vibano, wakaingiza upepo wa pampu, wakaizamisha kwenye pipa la maji.

Kiputo kimoja kilipanda. Kikapasuka. Kingine kikafuata.

"Kadogo hako," alisema dereva. "Masizi yatakaziba yenyewe."

Dada yake alimgeukia. "Kesho utalala wewe kwenye godoro?"

Dereva akainama kutazama kiputo kilikotokea.

Kilikuwa kiungo cha nne, kile cha moto uliokufa. Gesi haikuwepo tena. Alikisaga mpaka kikabaki bonde, akachukua rodi nyembamba kuliko zote, akapunguza mashine mpaka karibu izime, na lile jambo alilolikataa mchana, umeme kwenye bomba jembamba, akalifanya: mguso, kuinua, mguso, kuinua, pumzi imefungwa. Mara moja chuma kilizama, akadhani kimetoboka. Kilirudi.

Waliizamisha tena. Maji yalitulia mpaka dereva akauona uso wake ndani ya pipa. Fundi wa injini alihesabu hadi mia mbili, akarudia.

"Inanipendeza kuliko ile ya sonara," alisema.

"Sura mbaya."

"Mbaya sana. Nipe nikaifunge."

Asubuhi Mama Cheche alipanda nyuma, akaketi kwenye sakafu iliyotiwa bati usiku, mgongo kwenye ubavu wa gari, mkono juu ya kifundo cha mama. Madirisha yalikuwa wazi. Walipoanza mlima injini ikanguruma kwa uzito, na yeye akatega sikio kuutafuta ule mlio wa tsi-tsi wa moshi unaovuja. Alinusa. Akanusa tena. Mama alikuwa amefumba macho.

Kilima kilikuwa kirefu. Akamtikisa mguu.

"Mama."

Akambana kifundo.

"Mama!"

"Nini wewe?" Mama alifumbua jicho moja. "Mara ya sita hii. Niache nisinzie."

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma kwa maswali yako."

"Mimi nani?"

"Wewe ni binti yangu uliyeungua nyusi kwa moto, unayeninusa kama paka." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Unaendelea au umemaliza?"

"Naendelea, mama. Mpaka tufike."

"Haya. Uliza basi."

Akauliza.